Kijitabu cha 1967 na Mtoto Anayekataa

Watu wakitajiwa Elimu ya Kujitegemea, kijitabu alichotoa Nyerere Machi 1967, hukumbuka jembe na mabanda ya kuku. Mimi husimama pale anapotaja sifa ambazo shule imjengee mtoto. Ya kwanza ni akili ya kudadisi. Ya pili ni kujifunza kutokana na wafanyavyo wengine, kisha kuyakataa au kuyageuza yamfae yeye. Kuyakataa! Nani alifundishwa hilo mstarini?

Nakisomea Rangwi, ambako mashamba yamelala mteremkoni. Miaka ya 1940 na 1950, upande wa Mlalo, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Wakapinga, na mwishowe mpango ukaachwa. Wakubwa waliwaona wakaidi. Steven Feierman, katika Peasant Intellectuals (1990), anawachukulia wakulima hawa kama wanafikra.

Udhaifu wa kijitabu nauona hapa: wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao, sawa, lakini mtoto anayebaki peke yake baada ya wenzake kuamua hapati nafasi. Kiswahili nacho hakimsaidii. Upesi tu ataitwa mbinafsi. Mtihani ndio kabisa: 2012, darasa la saba walichagua herufi tu, hata kwenye Hisabati.

Sikitupi, hata hivyo. Sifa ya tatu ni kujiamini kama mtu huru, aliye sawa na wenzake, anayewathamini nao wakamthamini. Nilipowasomea darasa la sita sehemu hiyo, mmoja akauliza, "Mwalimu, hata Nyerere tunaweza kumkatalia?"

Nikamwambia aanze kwa kunionyesha ukurasa.