Nani Anashika Wakati? Amri, Mwanga na Programu katika Onyesho la The Tempest (2016)

Ikisiri

Makala haya yanahakiki onyesho la The Tempest lililotolewa na Royal Shakespeare Company mwaka 2016, ambamo taa, picha za video na umbo la mhusika Ariel viliongozwa kwa programu za kompyuta. Hoja ya msingi ni kwamba thamani ya teknolojia hiyo haipimwi kwa uzuri wa picha, bali kwa swali la nani anashika wakati jukwaani: mwigizaji, fundi au mashine. Makala yanaichunguza lugha ya amri inayotumika kuendesha onyesho, yanaonyesha jinsi upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili unavyoweza kumsaidia mhakiki, na kisha yanaizingatia tamthilia ya Kinjeketile ili kubainisha kwa nini suala hili linaihusu fasihi yetu.

1.0 Utangulizi

Katika Poetics, Aristotle anataja sehemu sita za tanzia. Ile inayohusu mambo yanayoonekana kwa macho anaihesabu kuwa mbali zaidi na sanaa ya utunzi. Kwake, nguvu ya tanzia hubaki hata pasipo jukwaa na waigizaji. Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili, pengine bila kukusudia, umeurithi mtazamo huo. Tasnifu nyingi tunazozisimamia huchambua dhamira, wahusika na matumizi ya lugha. Mwanga na sauti hutengewa aya moja chini ya maelekezo ya jukwaa, kana kwamba ni pambo la kitabu.

Mvutano kati ya neno na mtambo si wa leo. Mwaka 1631 mshairi Ben Jonson na mbunifu wa majukwaa Inigo Jones waligombana baada ya kushirikiana kwa miaka mingi katika michezo ya kasri la mfalme wa Uingereza. Kilichozusha ugomvi ni jina la nani litangulie katika kitabu cha mchezo kilichochapwa. Jonson alishikilia kuwa ushairi ni roho ya mchezo na mitambo ni mwili wake tu. Siku hizi mtambo huo umekuwa programu, nayo ina sifa moja ambayo mitambo ya Jones haikuwa nayo: imeandikwa. Ikiwa imeandikwa, basi inaweza kusomwa, na mhakiki hana tena udhuru wa kuipita.

2.0 Sarufi ya Orodha ya Ishara

Neno ishara linatumika hapa kwa maana ya badiliko moja lililopangwa: taa fulani ififie kwa sekunde tano, picha fulani itokee, sauti fulani iingie. Programu huzihifadhi ishara kwa nambari na kwa mfuatano, na mkusanyiko wake ndio orodha ya ishara. Katika kumbi za Broadway, mtambo wa taa wenye kumbukumbu ya kompyuta ulitumika kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika A Chorus Line, ambayo mwanga wake ulibuniwa na Tharon Musser. Mwaka 1986 ukaja mwafaka wa DMX512, uliowezesha taa za watengenezaji mbalimbali kupokea maagizo kwa lugha moja. Laini moja ya mwafaka huo hubeba njia 512, na kila njia ina ngazi kuanzia 0 hadi 255. Kwa mwanaisimu, hii ni lugha ya nambari tupu. Haina kitenzi wala nafsi. Vyote viwili hutoka kwa binadamu anayeiendesha.

Binadamu huyo anaweza kuhusiana na mashine kwa namna tatu. Ya kwanza ni kusubiri: ishara imekwisha kupangwa, lakini haitekelezwi hadi fundi abonyeze kitufe. Mwigizaji akichelewa, mashine nayo huchelewa. Ya pili ni kufuatwa: saa ya kompyuta ikishaanza kwenda, taa na video huifuata, na mwigizaji hana budi kuikimbilia. Ya tatu ni kusikiliza: vihisi vilivyo kwenye mwili wa mwigizaji hupeleka taarifa kwa kompyuta, nayo hubadili picha papo hapo. Katika namna ya kwanza wakati umo mikononi mwa watu, katika ya pili umo mikononi mwa mashine, na katika ya tatu unagawanywa.

Namna ya kwanza ina lugha yake. Katika kumbi za Uingereza na Marekani, meneja wa jukwaa hutoa kwanza tahadhari, kisha hutaja idara, kisha nambari ya ishara, na mwisho hutamka neno moja la utekelezaji, yaani "go". Neno hilo halitamkwi ovyo baina ya mafundi wakati wa onyesho, kwa sababu anayelisikia hubonyeza. Ni mfano halisi wa kile ambacho J. L. Austin alikieleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1962: kauli ambayo kuisema ni kutenda.

Amri ya Kiswahili kwa kawaida hutanguliza kitenzi: Washa taa ya kumi na mbili. Fundi anayeisikia huwa ameamriwa kutenda kabla hajajua atende nini. Sarufi yenyewe inatupatia njia ya kutoka, kwa kuwa inaruhusu yambwa itangulie: Taa, kumi na mbili, washa. Ugumu umo katika uteuzi wa neno. Washa halifai kwa taa inayozimwa wala kwa sauti inayoingia. Haya na sasa husikika kila dakika katika mazungumzo ya kawaida. Twende linamjumuisha msemaji, ilhali meneja wa jukwaa haendi popote. Neno kama tenda, ambalo husikika kwa nadra likiwa peke yake, lingefaa zaidi. Mfano huu ni mdogo, lakini unadhihirisha kwamba kuendesha taa ni tendo la lugha kabla ya kuwa tendo la umeme.

3.0 Prospero na Mtumishi Wake

The Tempest, ambayo utendaji wake wa kwanza unaofahamika ulifanyika mbele ya mfalme mwaka 1611, ni tamthilia inayolihusu suala hili moja kwa moja. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kupitia tafsiri ya Samuel Mushi, Tufani, ya mwaka 1969. Prospero anatoa amri na Ariel anazitekeleza. Dhoruba ya mwanzo ni matokeo ya amri hizo, na mara tu baadaye Prospero anamhoji mtumishi wake iwapo kila kipengele kilitendeka kama alivyoagiza. Ariel anamhakikishia kuwa hakuna kilichoachwa, kisha anadai ahadi yake ya uhuru. Tunaweza kusema kwamba uhusiano wao ni ule wa mtoa ishara na mtenda ishara, isipokuwa kwamba mtenda huyu ana nafsi na anataka kuachiwa.

Matini ya Shakespeare yenyewe inaacha nafasi kwa mtambo. Karamu inayoandaliwa mbele ya maadui wa Prospero inatoweka, na maelekezo yanasema tu kwamba inatoweka kwa ufundi fulani, bila kueleza ni ufundi gani. La muhimu zaidi ni mchezo wa miungu katika tendo la nne. Prospero anauamuru uanze ili kuwaburudisha wachumba, kisha anakumbuka njama ya Caliban na kuukatiza ghafla. Mtunzi amelionyesha jambo ambalo kila mwendesha taa analijua: mamlaka juu ya tamasha hayathibitiki katika kulianzisha tu, bali katika uwezo wa kulisimamisha katikati.

4.0 Onyesho la Mwaka 2016

Onyesho linalohakikiwa hapa liliongozwa na Gregory Doran mjini Stratford-upon-Avon, katika mwaka wa kumbukumbu ya miaka 400 tangu kifo cha Shakespeare, na mwaka uliofuata likapelekwa Barbican, London. Liliandaliwa kwa ushirikiano na kampuni ya Intel pamoja na studio ya The Imaginarium. Simon Russell Beale aliigiza Prospero na Mark Quartley akawa Ariel. Jukwaa lilizungukwa na mbavu za meli iliyovunjika. Quartley alivaa vazi lenye vihisi; katika baadhi ya maonyesho mienendo yake ilisomwa na kompyuta, na umbo la Ariel likatokea papo hapo kama picha iliyorushwa kwa projekta. Mwigizaji mwenyewe hakufichwa; alionekana jukwaani pamoja na picha yake. Tahakiki hii inategemea rekodi ya filamu, na kamera ya filamu humchagulia mtazamaji pa kuangalia.

Kiswahili kilinisaidia kuona jambo ambalo Kiingereza kingeweza kulificha. Nilipokuwa nikiandika dondoo, nililazimika kila mara kuchagua kiambishi: je, anapaa, au inapaa? Mhusika ana upatanisho wa a-, na picha ina upatanisho wa i-. Sarufi haikuniruhusu kuahirisha uamuzi. Niliporejea dondoo zangu, niliona kwamba nimehama kutoka kiambishi kimoja hadi kingine bila kukusudia, na kwamba mahali pa kuhama hapakuwa pa kubahatisha.

Katika tukio la Ariel kujigeuza kiumbe chenye mbawa ili kuwashutumu Alonso na wenzake, dondoo zangu zina a- tangu mwanzo hadi mwisho. Picha ni kubwa kupindukia, lakini kila tendo lake linatokana na mkono na kifua cha mtu anayeonekana. Ukubwa huo una maana, kwa kuwa mashtaka yale yanastahili kutoka kwa kitu kinachomzidi binadamu. Mashine inamsikiliza mwigizaji, naye mwigizaji ndiye anayeshika wakati.

Hali ni tofauti Ariel anapotokea mara ya kwanza kutoa taarifa ya dhoruba. Hapa dondoo zangu zinasomeka: inang'aa, inazunguka, inapepea. Masimulizi ya Ariel yanatosha kuujenga moto uliowaka juu ya milingoti. Picha inaporudia jambo lilelile, sikio na jicho hugombea kazi moja. Jicho la mtazamaji linahama kutoka kwa Quartley hadi kwa picha na kurudi tena, na katika kuhama huko maneno yanapotea. Tatizo si ubora wa picha. Tatizo ni kwamba picha haina jambo jipya la kusema.

Mchezo wa miungu ndio kipimo kigumu zaidi. Onyesho linaujaza ukumbi rangi na mwanga, na Russell Beale anapoukatiza, yote yanazimika. Tukio hilo lina nguvu kwa kuwa mwigizaji anaonekana kuwa ndiye aliyeuondoa mwanga. Kwa hakika nyuma ya ukumbi kuna fundi aliyesikia ishara na kubonyeza. Kama saa ya kompyuta ingekuwa ndiyo inayoongoza, Prospero angelazimika kukasirika katika sekunde iliyopangwa, na hasira yake ingekuwa utiifu. Mamlaka ya mhusika yanategemea subira ya mashine.

5.0 Maji ya Kinjeketile

Msomaji anaweza kuuliza mambo haya yanatuhusu nini, ilhali makundi mengi ya maigizo yetu hucheza chini ya taa mbili, au chini ya jua. Jibu ni kwamba kompyuta mpakato na projekta vimekwisha kufika katika kumbi za vyuo na za sherehe, na swali halisubiri hadi tuwe na fedha za Stratford.

Tuichukue Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Kiini cha tamthilia hiyo ni shaka: je, maji yana nguvu, na aliyezungumza ni Hongo au ni Kinjeketile mwenyewe? Hussein hatoi jibu rahisi. Hata Kinjeketile anafikia mahali pa kulihoji neno alilolizaa. Sasa mwongozaji mwenye projekta anakabiliwa na kishawishi cha kuuonyesha muujiza: mto unaong'aa, roho inayoinuka, maji yenye mwanga wa ajabu. Akifanya hivyo, amejibu kwa picha swali ambalo mtunzi ameliacha wazi kwa maneno. Hadhira itakuwa imeona muujiza kwa macho yake, na shaka ya Kinjeketile itaonekana kuwa woga. Ishara moja ya video itakuwa imeugeuza msimamo wa tamthilia nzima, na hakuna mhakiki wa matini iliyochapwa atakayeligundua badiliko hilo, kwa sababu kitabu kitabaki vilevile, neno kwa neno.

Mwongozaji mwingine anaweza kuitumia programu hiyohiyo kinyume chake: mwanga uwaangukie wanaotazama mtoni na si mto wenyewe, ubadilike kwa kufuata nyuso na pumzi zao, ili hadhira iione imani ikizaliwa bila kuthibitishiwa inachokiamini. Waongozaji hawa wawili wangetumia vifaa vilevile na maneno yaleyale. Tofauti yao ingepatikana mahali pamoja tu, yaani katika orodha ya ishara.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamependekeza kwamba mhakiki wa onyesho linaloendeshwa kwa programu aulize kwanza nani anashika wakati, kisha aulize iwapo picha inasema jambo ambalo neno halijasema. Katika The Tempest ya 2016, teknolojia ilifaulu pale ilipomsikiliza au kumsubiri mwigizaji, na ilipwaya pale iliporudia masimulizi.

Linabaki suala la kuhifadhi. Orodha ya ishara hukaa katika faili ambalo toleo jipya la programu linaweza kushindwa kulifungua, na kompyuta ikiharibika, uamuzi wote wa mwongozaji unapotea nayo. Idara zetu huhifadhi miswada ya tamthilia. Hazina budi kuanza kuhifadhi pia orodha za ishara, zikiwa zimechapwa katika karatasi, kwa Kiswahili, kando ya maneno zinayoyahusu. Mwanafunzi atakayeandika juu ya Kinjeketile miaka thelathini ijayo atataka kujua, pamoja na kilichosemwa jukwaani, taa iliwaka wapi, lini, na kwa amri ya nani.