Kitasa Mfupi

Ukitaka kumfaidi Dickson Job, beki wa kati wa Yanga, achana na mpira, mtazame yeye. Katika vibanda umiza vya Mikumi, kando ya barabara kuu ya Iringa, Yanga wakicheza kelele zote ni za washambuliaji. Beki hutajwa akichemsha tu.

Job ni mtoto wa Morogoro. Mwaka 2017 alikuwa nahodha wa Serengeti Boys kwenye fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 kule Gabon. Akakomaa akiwa Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa ya Turiani, wilaya ya Mvomero, majirani zetu sisi watu wa Kilosa. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000. Dirisha dogo la Januari 2021 likampeleka Jangwani, kwa Yanga.

Kwa beki wa kati, Job ni mfupi. Sisi tumezoea kitasa awe pandikizi la mtu. Sasa mwangalie krosi inapokuja. Winga hajainua hata kichwa, Job ameshageuza shingo: kaona mpira, kaona na mtu aliye mgongoni mwake. Anasogea hatua moja, pengine nusu, kisha anamwegemea mshambuliaji kabla hajajikusanya kuruka. Aliyeruka bila kujipanga, urefu haumsaidii kitu.

Mpira wa chini ndio wake hasa. Hajitupi kwa pupa. Anarudi nyuma taratibu, anamsubiri mwenye mpira auguse mguso mmoja wa ziada, na hapo hapo anamnyang'anya. Akishaupata habutui, anampa kiungo pasi fupi, Yanga wanaanza kujenga.

Wafupi wenye akili si wageni katika soka. Mwaka 1928 Scotland ilitua Wembley na akina Alex James na Hughie Gallacher, watu wafupi, ikaichapa England 5–1 kwa pasi za chini. Wao waliwahi nafasi ili wafunge. Job anaiwahi ili wenzake wasifungwe.

Mwaka 2023 alikuwamo katika kikosi cha Yanga kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, kikalikosa kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Makocha wa vijana Kilosa na Mikumi wanaochagua mabeki kwa kimo walifikirie hilo: mrefu utamwona akiwa amesimama tu, lakini anayejua kuwahi humjui mpaka umpange acheze.