Fakitire kwanza, bilansi nyuma

Wandugu, tuseme ukweli. Siye tuliotoka masomo ya komptabilite tuko na ugonjwa moja: mwenye biashara ndogo akituomba msaada, tunamupatia programu ile tuliyojifunza nayo shuleni, si ile inayomufaa.

Tuchukue mwenye butiki ku Kikula, anauza simenti, misumari na rangi. Shida yake ni madeni: mafundi wanachukua mali, wanaahidi kulipa, na kaye imejaa majina. Siye tunafika na programu nzima ya komptabilite, klasi 1 mpaka 9 za SYSCOHADA, majurnali, balansi, amortisema. Miezi michache tu, kompyuta inafunikwa kitambaa na kaye inarudi juu ya meza.

Ninasema hivi: kwa biashara ya ukubwa ule, programu ya fakitire peke yake ni chaguo bora. Lakini nayo iko na shimo lake. Tusipomuonyesha mwenye duka shimo hilo, tutakuwa tumemudanganya mara ya pili.

Tuangalie kazi yenyewe. Fundi anachukua mifuko 10 ya simenti, atalipa kisha siku 15. Kwa programu kubwa hayo ni maandiko: debiti 411, krediti 701, na kama duka linatoza TVA, krediti 443. Ni sawa kabisa. Ile njia ya kuandika kila kitu pande mbili Luca Pacioli aliichapisha Venezia mwaka 1494, na hakuna aliyeleta bora kuishinda. Lakini mwenye butiki hafikiri kwa 411. Yeye ana maswali matatu: leo nimeuza nini, nani hajalipa, na alisema atalipa siku gani? Programu nzuri ya fakitire inajibu yote matatu mbele ya mteja, na mtoto anayebaki dukani anaweza kuitumia bila kujua debiti ni nini.

Wengine watasema: na sheria je? Njo hapa wengi wetu tunasahau kile tulichosoma. Congo yetu iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012. Sheria ya komptabilite ya OHADA iliyopitishwa mwaka 2017, na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2018, haimulazimishi kila mtu abebe mzigo uleule. Kuna mfumo mdogo wa hazina, ule tunaita SMT: makuta yaliyoingia, makuta yaliyotoka, na orodha ya mali na madeni. Ni kwa ajili ya wenye mauzo ya mwaka chini ya milioni 60 za franka CFA kwa wauzaji wa bidhaa, milioni 40 kwa mafundi, milioni 30 kwa watoa huduma, ao kiasi sawa kwa pesa ya nchi. Milioni 60 hizo ni zaidi kidogo ya euro 91,000. Mubishane na mimi, lakini butiki nyingi tunazozijua haziwezi kufika pale.

Na yule mdogo zaidi, ambaye sheria inamuita entreprenant, anadaiwa kitabu cha siku kwa siku: makuta yametoka wapi, yamekwenda wapi, na malipo ya mkononi yatengwe na malipo ya njia zingine. Yaani hata M-Pesa na Airtel Money zina nafasi yao mule. Kitabu hicho anakiweka miaka 5. Kwa hiyo programu kubwa mara nyingi haitokani na sheria. Inatokana na siye, juu tunataka diplomu yetu ionekane.

Sasa tuseme juu ya shimo. Programu ya fakitire inajua kile kilichouzwa. Haijui mali ilinunuliwa bei gani, haijui nyumba, usafiri wala mafuta ya jenereta wakati wa delestaje. Mwenye duka anafungua simu, anaona mwezi huu ameuza dola 3,000, anafurahi, anatoa makuta ya arusi. Dola 3,000 hizo si faida, hata kama screen inazionyesha kwa rangi ya kijani. Njo maana fakitire bila kaye ya matumizi ni nusu ya kazi, na nusu hiyo inaweza kuua duka kwa upole.

Kwa TVA shimo linakuwa kubwa zaidi. Kodi hiyo ilianza kwetu tarehe 1 Januari 2012, kwa 16%. Tuseme umeuza mali ya dola 1,000 bila kodi: umepokea TVA ya dola 160. Mali hiyo uliinunua dola 700, ukalipa TVA ya dola 112. Unadaiwa dola 48. Programu ya fakitire inaona 160 peke yake. Ile 112 iko ndani ya karatasi ya depo, na ukiipoteza karatasi umepoteza haki yako. Anayetoza TVA, basi, lazima atunze fakitire za kununua vizuri kama zile za kuuza, na achague programu inayokubaliana na fakitire normalize ya DGI.

Kuna pia jambo ambalo programu nyingi za kutoka nje hazilielewi: huku kwetu tunauza kwa dola, tunalipwa kwa franka. Tuseme deni ni dola 100 na dola ni franka 2,800. Ukiliandika franka 280,000, mteja akalipa wakati dola imefika 2,850, umepata dola 98 na senti. Kwa mteja mmoja si kitu. Kwa mafundi 40, ni mifuko ya simenti. Programu isiyoweka pesa mbili, pamoja na kiwango cha siku ile juu ya kila fakitire, muiache hata kama ni ya bure. Muangalie tena kama inafanya kazi bila rezo, kama inakubali malipo ya kidogo kidogo, na kama data zinaweza kutoka kwenda Excel siku mutakapohama.

Maana siku ya kuhama inaweza kuja. Benki ikidai hesabu za mwaka, washirika wakiwa wawili ao watatu, mauzo yakipita kiasi cha SMT, hapo programu kubwa ina mahali pake, na komptable wa kweli pia. Duka lililotunza fakitire na matumizi yake vizuri litahama kwa wiki chache. Duka lililofunika kompyuta kwa kitambaa litaanza sifuri, tena bila imani na siye. Hapo njo tunajinyima mkate wenyewe: mwenye butiki aliyelipa bure mara moja hataita graduée mwingine.

Wenye mnafanya kazi hii ku Kikula, Panda ao Shituru, mutuambie bila haya: wateja wenu wanafungua kweli programu muliyowawekea?