Manahodha Wengi, Vyombo Vingi

Mshairi wa Kiswahili atajapo chombo, aghalabu hutaja kimoja. Bahari imechafuka, nahodha amelewa cheo, abiria wanalia, na katika beti la mwisho tunausiwa tusikizane, la sivyo tutaghariki. Istiari hii ina umri mrefu katika tungo zetu, na mhimili wake ni methali isemayo kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Makala haya hayakusudii kuibeza. Yanakusudia kuuliza jambo moja tu: je, hivyo ndivyo wazee wetu walivyosafiri?

Jawabu mojawapo limo katika kitabu ambacho hakikuandikwa kwa lugha yetu. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden mwezi wa Disemba 1938, chini ya nahodha Ali bin Nasser Al-Nejdi. Aliteremka na kaskazi hadi Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji, kisha akarejea na kusi hadi Kuwait mwaka 1939. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka mwaka 1940, na picha alizopiga zimehifadhiwa katika makumbusho ya bahari ya Greenwich, London.

Ubora wa kitabu hiki haumo katika dhoruba. Umo katika ujirani wa vyombo. Jahazi la Nejdi ni moja kati ya mengi ya musimu ule ule, yenye kufuata upepo mmoja na kutia nanga katika bandari zile zile. Manahodha wanatembeleana, wanakunywa kahawa, wanaulizana habari za bei na za jamaa waliobaki nyuma, na pia wanashindana. Hapana hata mmoja mwenye amri juu ya chombo cha mwenziwe, na hapana anayesafiri kama kwamba mwenziwe hayupo. Huko Rufiji, ndani ya mikono ya maji iliyozungukwa na mikoko, mabaharia wanahangaika na tope, joto na mbu ili wapakie boriti. Msomaji wa Mji Mkongwe atakumbuka kwamba hizo ndizo boriti zilizoezekea nyumba zetu na za Kuwait, na kwamba upana wa vyumba vyetu ulikadiriwa kwa urefu wake. Nyumba za miji miwili iliyo mbali hivyo zina kipimo kimoja kwa sababu vyombo vilikwenda na kurudi pamoja.

Ama kuhusu upungufu wa kitabu, ni mkubwa. Villiers anaiona pwani yetu kutoka sitahani. Hakujua Kiswahili, na kwa hiyo wakata mikoko wa Rufiji na wachukuzi wa Unguja wanapita mbele yake kama mandhari. Tunaiona mikono yao, lakini kauli zao hatuzisikii. Mabaharia wa Kuwait wanaimba wakati wa kutweka tanga, nasi tunaelezwa. Lakini aliyeukata mti ule aliimba nini? Hilo lilihitaji sikio la mtu wa hapa.

Nimewahi kushughulika na kufasiri baadhi ya kurasa zake, na kazi ile ilinifunza jambo. Kila kifaa anachokitaja kina jina kwetu: foromali, hamrawi, dasturi, demani, mkuku, ngama. Msamiati upo. Msomaji wa leo ndiye asiyeujua, hata kama anaishi hatua mia kutoka Malindi. Tunalo tamasha la filamu lililojinasibu na nchi za jahazi tangu mwaka 1998, na picha ya tanga imo katika kila duka la watalii. Jahazi limekuwa nembo, na nembo haihitaji kamba wala ngama.

Upotevu huu unaziathiri tungo zenyewe. Chukua neno kubisha. Kwa mtu wa nchi kavu ni kukaidi. Kwa baharia ni kwenda upande huu, kisha upande ule, ili kusogea mbele dhidi ya upepo. Mtunzi asiyeijua maana ya pili atamuona kila mbishi kuwa ni mvunja chombo. Anayeijua anaweza kumuona kuwa ni mwenye kutafuta njia wakati upepo umekataa.

Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, alikuwa na elimu hiyo, kwani aliivua na kuisafiri bahari kabla hajaitungia. Ndiyo maana katika diwani yake, Kimbunga, iliyotoka mwaka 1994, upepo si pambo la beti. Una tabia zake: unang'oa vilivyo vikubwa na kuviacha vilivyodhaniwa dhaifu. Vijana wengi wamemuiga hekima yake; wachache wameuiga ujuzi ulioizaa.

Nejdi alipotea baharini mwaka 1979 alipokwenda kuvua, na mwaka 2017 Taleb Alrefai wa Kuwait akamuandikia riwaya kwa Kiarabu. Kwetu, Ida Hadjivayanis ametuonesha mwaka 2022, kwa Peponi, kwamba kitabu cha Abdulrazak Gurnah kilichozaliwa kwa Kiingereza kinaweza kurejea nyumbani na kukaa kitako. Sons of Sindbad nacho kinastahiki kufasiriwa kwa Kiswahili, pamoja na upungufu wake, na kifasiriwe wakati wangalipo wazee wa Nungwi na Mkokotoni wa kusahihisha istilahi.

Nasi watunzi tuna deni letu. Methali haikukosea: ndani ya chombo kimoja, nahodha ni mmoja. Lakini tumeitumia kana kwamba bahari nzima ina chombo kimoja tu, na kila mwenye rai yake tukamwambia atatuzamisha. Bandari yetu ilijaa manahodha kila kaskazi, kila mtu na tanga lake, na ndiyo siku ambazo mji ulipata riziki. Tungo za msafara huo bado hazijaandikwa.