Albamu ya promosheni yetu: nafasi ilikuwepo

Bandugu wa promosheni, nimemaliza kupitia albamu yetu ya wafinalisti, kurasa zote 44. Jalada ni zuri, herufi zinasomeka bila miwani. Ile picha ya shamba la majaribio iliyojaza kurasa mbili nayo inapendeza, ingawa mtu wa katikati amemezwa na mkunjo penye pini: bega la kushoto liko, la kulia liko, uso hakuna. Mwenye kupanga kurasa angeisogeza kidogo tu.

Lakini siandiki juu ya bega. Naandika juu ya miraba ya kijivu.

Iko 11. Chini ya kila mmoja kuna jina na maneno "Picha haikupatikana". Nimehesabu: saba ni wa Masisi, wanne wa Walikale. Siku ya studio ilikuwa moja tu, Goma, na siku ile barabara ya Masisi haikupitika. Mwenye kutoka Mubi au Itebero, usimuulize hata. Bale wote walituma picha zao kwa WhatsApp. Komite ikajibu kwamba picha za simu hazina ubora wa kuchapwa, na tena nafasi hakuna.

Tuchukue hiyo ya ubora. Ili uso utoke safi, inahitajika nukta kama 300 kwa kila inchi. Visanduku vya albamu yetu vina upana wa sentimita 3, yaani nukta kama 355. Picha ya WhatsApp, hata ikiwa imebanwa, kwa kawaida inapita hapo. Ingekuwa ya kujaza ukurasa mzima, sawa, ingetoka kama ukungu wa asubuhi. Kwa sentimita 3? Hapana.

Na nafasi? Kitabu cha pini kinaenda kwa kurasa nne nne, sababu karatasi moja ikikunjwa inazaa kurasa 4. Sisi tulikuwa na kurasa 41 za kujaza. Ndiyo maana tatu za mwisho ziko tupu, nyeupe pe. Tumezilipia. Maketi ya mwisho, ile ya kusaini mbele ya kuchapa, ingezungushwa kwenye grupu siku mbili tu, mtu angeziona.

Halafu maneno ya chini ya picha: "Wanafunzi wakiwa shambani". Shamba gani? Mwaka gani? Nani na nani? Sisi watu wa agronomia tunajua jani lililokaushwa bila etiketi ya mahali, tarehe na jina la aliyelikusanya halina kazi. Na kuna wenzetu waliokimbia, karatasi zote zikabaki nyumbani. Kwa mtu kama huyo, albamu hii ingekuwa pengine mahali pekee ambapo uso wake uko kando ya jina la fakulte.

Ninaomba komite itoe faili. Karatasi moja ya A3 ikikunjwa ni kurasa 4 za A4. Zinachomekwa katikati bila kugusa pini, na bei yake haifiki ya soda ya kila mtu.

Mimi niko ukurasa wa 17, tai imenyooka. Mwenzangu wa benchi, wa Nyabiondo, aliyeandika kazi yake ya mwisho juu ya viazi vya Masisi, ni mraba wa kijivu pembeni yangu. Picha yake ninayo kwenye simu.