Ndege Mweusi wa Matetini: Utambuzi Bora Hupimwaje?

Asubuhi ya masika, katika bonde la mto Mbezi, mtazamaji hodari haanzi na darubini. Hutega sikio. Matete yakikoroma ghafla, na mkoromo huo ukapokewa na mwingine hata isijulikane nani kaanza, huenda amempata ndege wetu mweusi, Zapornia flavirostra. Hao ni wawili, dume na jike, wanaitikiana.

Flavirostra maana yake ni mwenye mdomo wa njano, na mdomo huo ndio mtihani wa kwanza. Ndege mwenyewe ana urefu wa sentimita 20 hivi, mweusi kama makaa, jicho na miguu vyekundu. Wengi huishia kwenye "mweusi, miguu myekundu", na hapo ndipo kazi mbovu inapojulikana. Kukuziwa naye ni mweusi, lakini ana paji jekundu na mstari mweupe ubavuni. Kinda la ndege wetu ni la hudhurungi na mdomo wake haujang'aa, kwa hiyo rangi peke yake hudanganya. Maelezo mazuri hutaja pia kisichokuwepo: "ubavuni hakuna weupe."

Makazi yana uzito uleule. Mto ukikaribia bahari, maji yakawa ya chumvi na mikoko ikatawala, matumaini ya kumwona hupungua sana. Yeye hutaka maji baridi yenye maficho. Alfajiri na jioni hutoka kwenye ukingo ambapo matete yanakutana na tope, akitembea juu ya majani yanayoelea kwa vidole vyake virefu. Anayeandika "bwawani, Mbezi" hajaandika kitu. Anayeandika "ukingo wa matete, tope bichi, saa 12 na nusu asubuhi" amempa mwenzake pa kuanzia.

Bonde la Kilombero nalo linathibitisha kwamba rangi peke yake haitoshi. Huko vindege wawili wadogo wa majanini, waliogunduliwa miaka ya 1980, walipewa majina rasmi ya kisayansi mwaka 2021 tu: Cisticola bakerorum na Cisticola anderseni. Kwa jicho tu, ndege wa jamii hiyo hufanana mno. Sauti na mahali ndivyo huwatenga.

Kwa hiyo daftari lisilo na mlio, mdomo wala mahali, hata likiwa na picha ya kivuli cheusi kinachokimbilia matetini, liandikwe "hajatambuliwa", na mwenye daftari arudi kesho alfajiri.