Kuchanganya Kwanza, Kuwasha Baadaye: Namna Turbini za Gesi Zilivyopunguziwa Sumu

Oksidi za naitrojeni zina ajabu yake miongoni mwa taka zitokazo katika bomba la moshi la mtambo wa umeme, nayo ni kwamba, pale ichomwapo gesi asilia, karibu zote hazitokani na uchafu uliomo katika gesi, bali zazaliwa na hewa yenyewe, hii tuivutayo sote, ambayo sehemu 78 katika mia ni naitrojeni. Naitrojeni hiyo kwa tabia ni pole na haina pupa ya kuungana na kitu. Ila moto ukipita kiasi hulegea, ikashikamana na oksijeni. Njia hiyo ilielezwa na mwanasayansi wa Kirusi, Yakov Zeldovich, katika miaka ya 1940, na natija ya maelezo yake ni kwamba chini ya nyuzi 1,500 za Selsiasi sumu hii huwa haba mno, na kupita hapo, kila joto lipandapo makumi machache ya nyuzi, wingi wake waweza kuwa maradufu.

Madhara yake yalidhihirika California, ambako mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha, katika miaka ya 1950, kwamba oksidi hizi zikikutana na mvuke wa petroli chini ya jua kali huzaa ozoni, na ndiyo asili ya ukungu mchungu wa Los Angeles. Serikali ya Marekani ilipoweka mpaka kwa turbini mwaka 1979, kipimo cha msingi kilikuwa sehemu 75 katika milioni, zikipimwa kwa hesabu ya moshi wenye oksijeni 15 katika mia.

Sasa tutazame chumba cha mwako cha kale. Humo gesi na hewa ziliingia kwa njia mbalimbali zikakutana motoni, kama ilivyo katika kibatari. Na pale mpakani, zilipolingana sawasawa, joto lilipindukia nyuzi 2,000, ijapokuwa moshi uliofika kwenye mapanga ya turbini, baada ya kutiwa hewa ya kuupoza, ulikuwa chini ya hapo kwa mamia ya nyuzi. Kosa, basi, halikuwa katika wingi wa joto, bali katika kutosawazika kwake.

Dawa ya kwanza ilikuwa kunyunyiza maji au mvuke ndani ya moto, na kwa gesi ilishusha kipimo hadi 42, hata 25. Nguvu ya mtambo iliongezeka, maana kilichopita kwenye mapanga kilikuwa kingi zaidi. Lakini fueli nayo ilizidi kuliwa, kwa kuwa joto lililoyageuza maji kuwa mvuke lilitoka bure kwenye bomba. Fauka ya hayo, maji yalitakiwa yasafishwe chumvi zote, tena kwa uzito uliokaribia ule wa fueli yenyewe, na yakizidi, moto hupungukiwa joto, ikatoka kaboni monoksidi.

Dawa ya pili ndiyo yenye hikima: kuichanganya gesi na hewa kabla ya kuwaka, hewa ikiwa takriban mara mbili ya ile ihitajiwayo, ili pasiwe na mahali pazidipo penginepo kwa ukali. Ila mwali wa mchanganyiko mwepesi namna hiyo u karibu na kuzimika, wala hauwezi kuanzishia mtambo. Kampuni ya General Electric, katika kichomeo chake cha kwanza cha namna hii, ilitatua shida hiyo kwa hatua nne: mwanzo gesi huwaka katika chumba cha mbele peke yake, mzigo ukipanda, huwaka mbele na nyuma, kisha gesi yote hupelekwa kwenye nozeli ya katikati, inayolisha moto wa nyuma, hata moto wa mbele ukafa, halafu gesi hurejeshwa mbele bila ya kuwashwa, na chumba kile kilichokuwa cha moto kikawa cha kuchanganyia, mwako ukabaki nyuma tu. Kwa utaratibu huu kipimo kilishuka hadi 25, na baadaye hadi 9, bila ya tone la maji.

Lakini mwali mwepesi hutikisika, na mwanafizikia Lord Rayleigh alikwisha eleza mwaka 1878 kwamba joto likiongezwa wakati ule ule shinikizo lifikapo kilele, sauti hukua. Ngurumo hiyo yaweza kupasua kuta za chumba. Wahandisi huituliza kwa kubadili mgawo wa gesi baina ya nozeli, au kwa mwali mdogo mkali wa kuushikilia ule mkubwa, ambao nao huzaa sumu kidogo. Hivyo utulivu hununuliwa kwa sehemu ya usafi.

Pale sheria itakapo kipimo cha chini zaidi, moshi hupitishwa pamoja na amonia juu ya kichocheo chenye joto la nyuzi 300 hadi 400, oksidi zikageuka naitrojeni na maji.

Tokea hapo twaweza kuhukumu. Tarakimu ile ya 9 ni ya hatua ya nne, ipatikanayo takriban toka nusu ya mzigo kwenda juu. Chini yake kichomeo hurudia tabia ya kale. Kwa nchi kama Tanzania, ambako mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi hugawana mzigo na nguvu ya maji, anunuaye turbini asiulize kipimo tu, bali aulize pia ni katika mzigo gani, na mtambo utakaa humo kwa saa ngapi katika siku.